Mama Hodi na Milango Tisa

Miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku kumi na tisa: huo ndio muda ambao Mama Hodi ameitumikia ofisi yetu ya safari. Atastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri. Ametuonya mapema kwamba ifikapo saa kumi na dakika tano asipigiwe simu na mtu yeyote kuulizwa funguo za stoo ziko wapi. Ziko msumarini, nyuma ya mlango. Zimekuwa msumarini tangu tulipohamia jengo hili. Ni sisi tu tusiotazama.

Wasifu huu umechelewa kwa makusudi. Ulipaswa kumfikia mpiga chapa mwishoni mwa Mei, lakini mwandishi wake alikataa kuumaliza, kwa kuwa hadi wakati huo hakuna aliyejua kama tunamuaga mfanyakazi mmoja au tunaiaga kazi yenyewe. Tuna basi dogo la viti kumi na kimoja, meza nne, birika na ramani ukutani. Kitu cha thamani tulichokuwa nacho ni milango tisa ya nyumba za watu, ambamo wageni wetu huingia wakapika, wakala na kujifunza kazi za mikono. Na milango hiyo haikuwa yetu. Ilikuwa yake. Ilifunguka kwa sababu yeye ndiye aliyebisha, na mwaka huu tulilazimika kujiuliza kama itafunguka atakapobisha mtu mwingine.

Aliajiriwa tarehe 11 Aprili, si kwa ajili ya safari bali kwa ajili ya chai. Kazi yake ilikuwa kuichemsha, kufagia sebule ya mapokezi na kuwaelekeza wageni chooni. Siku zile ofisi ilikuwa ikiwapakia watu arobaini katika basi kubwa na kuwapeleka ukumbini, ambako walimtazama mtu aliyevalishwa nguo za kukodi akifinyanga chungu jukwaani kwa dakika kumi na mbili. Chungu kilikuwa kile kile kila wiki. Akimaliza, alikibomoa, na Jumanne iliyofuata alianza upya. Wageni walipiga makofi, wakapewa soda, wakarudishwa hotelini.

Mwaka wake wa pili kazini, mgeni mmoja aliyechoka kusubiri basi aliliona kapu ambamo Mama Hodi alikuwa akibebea chakula chake cha mchana. Akauliza limenunuliwa wapi. Mama Hodi akajibu kwamba halikununuliwa. Lilisukwa na mama yake mkubwa, na kama ana nafasi, si mbali. Mgeni akamwita mkewe, na wote watatu wakaondoka kwa miguu. Walirudi baada ya saa tano. Wageni wale walikuwa na vidole vyekundu kwa kuchomwa na sindano ya kushonea makapu, mashati yao yalinuka moshi, na walikuwa wameshiba kiasi cha kushindwa kupanda ngazi. Meneja wa wakati huo alikuwa amekwisha kuiandaa barua ya kumfukuza kazi. Kabla hajaitia saini, mgeni yule aliingia, akaketi bila kukaribishwa, na kutamka kwamba katika siku kumi na nne za safari yake hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyokutana na mtu. Barua ile haikuonekana tena. Inasemekana Mama Hodi aliwashia jiko la chai.

Ndivyo ulivyoanza mlango wa kwanza. Mingine minane ilifuata polepole, kwa miaka. Upo wa mhunzi, upo wa mwoka mikate, upo wa mjane anayepika maharage katika sufuria ambayo imemzidi umri, na mingineyo, ukiwemo wa mfinyanzi ambaye atatajwa sana hapa chini. Hakuna hata mmoja uliofunguliwa kwa tangazo au kwa mkataba. Mama Hodi alikwenda, akabisha, akakaa, akasaidia alichoweza, akaondoka, na akarudi tena.

Sheria zake zilikuwa chache, na hakuzibadilisha hata kwa mawaziri. Wageni wasizidi wanane, kwa sababu mkeka wa mama yake mkubwa ulikuwa ukitosha watu wanane, na yeye aliona kwamba mwenye mkeka ndiye anayejua hesabu. Pili, hakuna anayekula kabla ya kufanya kazi. Profesa mmoja aliyefika na kamera tatu shingoni alikabidhiwa ungo wa mchele na kuombwa auchambue. Kwa kuwa ungo hushikwa kwa mikono miwili, kamera zilibaki zikining'inia. Baada ya dakika arobaini alikuwa ametoa mawe kumi na moja, hakuwa amepiga picha hata moja, na alikuwa akibishana kwa nguvu na mjane wa maharage kama lile la kumi na mbili ni jiwe au ni punje iliyoungua.

Kwa mhunzi alimpeleka daktari wa meno, mtu mwenye mikono ya upole, aliyetaka kutengeneza kisu. Mhunzi alimtazama akigonga chuma kwa muda, kisha akamgeukia Mama Hodi. Humwita shemeji, kwa kuwa alikua mtaa mmoja na mumewe.

“Shemeji,” akasema, “huyu mtu wako anakipiga chuma kama anakiomba radhi.”

“Mfundishe.”

“Nimfundishe nini? Mwambie akumbuke mtu aliyemchukiza.”

Ushauri huo ulitafsiriwa. Daktari akafikiri kidogo, akainua nyundo, na kisu kikapatikana kabla ya chakula. Hadi leo hatujui alimkumbuka nani.

Ni lazima ukweli usemwe kuhusu taarifa zake za maandishi. Katika miaka yote hiyo hakuandika hata moja iliyozidi mstari mmoja na nusu. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ndiye mwenye dhamana ya kumbukumbu za ofisi, amehifadhi ile ya ziara yake ya mia moja kwa mfinyanzi. Inasomeka hivi: “Wamekula. Wamefinyanga. Mmoja kakata kidole. Wamerudi.” Ilirejeshwa kwake kwa wino mwekundu, pamoja na maelekezo kwamba taarifa rasmi huhitaji maelezo ya kutosha. Kesho yake ilikutwa mezani, imeongezwa maneno mawili: “Kidole kidogo.”

Lakini jina lake halikutokana na hayo yote. Lilitokana na desturi moja, ambayo wengi wetu tuliiona kuwa upotevu wa muda mpaka ilipotufundisha adabu.

Siku moja kabla ya kila ziara, Mama Hodi hutoka ofisini baada ya chai ya saa nne na kwenda mwenyewe hadi kwenye nyumba itakayopokea wageni. Hapigi simu wala hatumi mtu. Hufika mlangoni, hubisha hodi, na kuuliza kama kesho wageni waje. Mwenyeji ana haki ya kukataa na halazimiki kutoa sababu. Akikataa, Mama Hodi hushukuru, na wageni hupelekwa kwingine. Tulipomuuliza kwa nini asipige simu, naye ana simu nzuri aliyonunuliwa na binti yake, alijibu kwamba kwenye simu kila mtu husema karibuni. Watu wetu hawajui kumkatalia mgeni kwa mdomo. Ndiyo maana yeye hutaka kuuona uso, na jiko, na nguo zilizoanikwa. Kama jiko ni la baridi saa tano, au nguo za watoto zimeloa tangu juzi, anajua kwamba nyumba hiyo ina jambo, hata kama mwenye nyumba anatabasamu.

Miaka kumi na miwili iliyopita binti yake alijifungua mtoto wa kwanza, na Mama Hodi akaomba ruhusa ya siku mbili. Ziara ya mfinyanzi ilikuwa imekwisha kupangwa. Aliyebaki ofisini siku ile alikuwa mwandishi wa wasifu huu. Kwa kuamini kwamba kazi ni kazi na muda ni muda, aliinua simu na kumuuliza mfinyanzi kama kesho wageni waje. Akajibiwa, kwa sauti safi kabisa: “Karibuni.” Akaandika kitabuni kwamba ziara imethibitishwa, akaweka nukta.

Wageni wanane walikwenda. Walikanda udongo, wakafinyanga, wakala, wakaimba hata nyimbo. Waliporudi waliandika barua za sifa ambazo bado tunazo. Ni dereva wetu peke yake aliyerudi ameinamisha kichwa. Alikuwa ameingia uani kuomba maji ya rejeta, na kupitia pazia la chumba cha ndani akamwona mume wa mfinyanzi amelala, mguu umefungwa bandeji hadi kiunoni. Alikuwa ametolewa hospitali asubuhi ile ile. Mkewe alikuwa akifinyanga na wageni, akitabasamu, kisha akiingia ndani kila baada ya nusu saa kumgeuza mgonjwa, halafu akitoka tena akitabasamu.

Mume alipona, leo anatembea vizuri kuliko wengi wetu. Mlango ndio uliougua. Mama Hodi aliporudi kazini alikwenda moja kwa moja kwa mfinyanzi. Kwa miaka mingi, akifika pale, alikuwa akikaa juu ya chungu kikubwa kilichopasuka, ambacho huwekwa kifudifudi karibu na rundo la udongo. Siku ile mfinyanzi aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kiti cha sebuleni. Akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Akasema, “Karibu sana. Kaa kwenye kiti.”

Mama Hodi alirudi ofisini na kumwambia meneja alifute jina la mfinyanzi kwenye orodha.

“Amekataa?” meneja akauliza.

“Hajakataa. Ameniletea kiti.”

Hakuna aliyeelewa. Meneja alidhani ni habari njema. Mwandishi wa wasifu huu naye hakuelewa, mpaka dereva alipomweleza, kwa maneno ambayo hayatachapishwa hapa, alichokiona nyuma ya pazia. Inafaa ifahamike kwamba Mama Hodi hakumlaumu mwandishi huyo hata mara moja. Alichofanya ni kwamba kwa siku tatu mfululizo simu ya ofisi ilikutwa asubuhi imefunikwa kitambaa cha maua, kama kitu kilichofariki.

Kisha akaanza kwenda. Kila Jumatano, kwa miezi kumi na minne, bila mgeni na bila kutaja habari ya wageni. Aliletewa kiti, akakaa. Aliletewa chai katika kikombe cha kabatini, akanywa. Alisaidia kukanda udongo aliporuhusiwa, asiporuhusiwa, alitazama. Mume wa Mama Hodi, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa maneno, alikuwa akiwaambia majirani kwamba mkewe ameolewa kwingine siku za Jumatano. Jumatano moja Mama Hodi alifika, akabisha, na mfinyanzi hakugeuka. Mikono yake ilikuwa ndani ya udongo hadi viwikoni.

“Kiti kimeazimwa,” akasema. “Kaa hapo kwenye chungu chako. Na kesho usije ukaniletea watu, nimechoka. Walete wiki ijayo.”

Kwa Mama Hodi hilo ndilo lililokuwa jibu. Siku ile alirudi kwa miguu mwendo wote, akimwacha dereva amfuate na gari nyuma yake polepole, kama msafara wa harusi.

Sasa tufike mwaka huu. Januari meneja wetu wa sasa, ambaye ni mtu wa mipango, alimwomba aandae makabidhiano. Mama Hodi alimwandikia majina tisa, njia ya kufika na namba za simu, yote katika ukurasa mmoja. Meneja akafurahi kwamba kazi imekwisha. Mama Hodi akamwambia kwamba kazi bado haijaanza.

Aliyechaguliwa kumrithi ni binti aliyekuwa mapokezi, ambaye ofisini tunamwita Binti tu. Anajua lugha nne na hasahau jina la mtu. Kwa miezi mitatu walikwenda pamoja, na kuanzia Aprili alipelekwa peke yake. Mhunzi alimpokea kwa kumtazama kutoka juu hadi chini na kumwuliza, “Wewe mwembamba hivi, nyundo utaishika au itakushika?” Siku ya nne akamwita shemeji mdogo. Mjane wa maharage alimpa kisu na gunia la vitunguu bila salamu. Nyumba baada ya nyumba walimzoea. Lakini wote wanane walisema jambo moja, kila mmoja kwa njia yake: wanamsubiri mfinyanzi. Ni yeye aliye mkubwa wao kwa umri, vyungu vyake ndivyo wanavyopikia, na ndiye aliyewahi kuumizwa nasi. Mwoka mikate alilisema waziwazi: “Yule bibi akifunga, na sisi tunapumzika.”

Binti alikwenda kwa mfinyanzi Jumatano ya kwanza na kurudi akiwa na furaha tele.

“Amenipokea vizuri mno, mama! Amenipa kiti. Amenipa chai kwenye kikombe chenye maua!”

Mama Hodi aliiweka chini kalamu yake. “Bado,” akasema.

Jumatano ya pili kiti kilikuwa na mto. Ya tatu, kulikuwa na biskuti. Kadiri Binti alivyokirimiwa, ndivyo Mama Hodi alivyokonda. Mei ikapita. Wageni walikuwa wakipelekwa kwa mfinyanzi, lakini Mama Hodi alikwenda nao mwenyewe, na kila mmoja wetu alikuwa akihesabu siku zilizobaki. Meneja alipendekeza mfinyanzi aandikiwe barua rasmi. Dereva akamwomba meneja, kwa heshima zote, asiandike. Mtu mmoja, ambaye aliwahi kuinua simu isiyostahili kuinuliwa, alijitolea kwenda kuomba radhi kwa niaba ya ofisi. Alikwenda. Alipewa kiti, mto, biskuti na yai la kuchemsha. Akarudi akijua kwamba ameharibu zaidi.

Jumatano, tarehe 14 Juni, Binti aliondoka ofisini saa nne na robo. Kesho yake kulikuwa na wageni wanane waliokusudiwa kwenda kwa mfinyanzi. Saa sita mvua kubwa ilinyesha, isiyotarajiwa, ikakatika baada ya dakika ishirini. Saa nane kasoro, Binti aliingia ofisini. Sketi yake ilikuwa na udongo hadi magotini, kiatu kimoja hakikuwa na kisigino, na alikuwa akilia bila kujificha. Meneja akainuka. Mama Hodi hakuinuka. Alimsogezea benchi na kumwacha apumue.

Maelezo yalitoka vipande vipande. Alifika mlangoni, na kabla hajabisha, matone yakaanza. Uani kulikuwa na vyungu zaidi ya thelathini vimeanikwa, bado vibichi, na mfinyanzi alikuwa peke yake akihangaika kuviingiza ndani. Binti aliutupa mkoba, akakimbilia vyungu.

“Nikashika kimoja hapa juu, mdomoni. Ukabaki mdomo mkononi, chungu chenyewe kikaanguka. Akanifokea! Nani kakwambia chungu kibichi kinashikwa mdomo? Shika chini! Tumboni! Kama unavyombeba mtoto! Hujawahi kubeba mtoto, wewe? Mbele ya majirani, mama. Kila nilichobeba alinifokea. Nikiweka hapa, siyo hapo. Nikiweka pale, umekisogeza panapovuja. Vyote tumeingiza, lakini alinifokea mpaka mvua ikakatika.”

“Halafu?”

“Halafu nikamwuliza kama kesho wageni waje. Akasema hapana. Akasema vyungu vimeloa, mgongo unamuuma, na hataki kuuona uso wa mtu. Kasema nije mimi peke yangu, saa moja asubuhi, nikande udongo wa kulipia kile nilichokivunja. Nije na kanga kuukuu, hizi sketi za ofisini nisimletee.” Akajifuta pua kwa kiganja chenye udongo. “Nimeuharibu mlango, mama. Miaka yako yote.”

Mama Hodi aliuliza swali moja tu.

“Ulikaa wapi?”

“Wapi nikae? Sikukaa! Hakunipa hata kiti.”

Wale waliokuwepo watashuhudia kwamba katika miaka thelathini na moja hatukuwahi kumsikia Mama Hodi akicheka kwa sauti. Huwa anatabasamu upande mmoja wa mdomo, basi. Siku ile alicheka mpaka akashikilia meza. Dereva aliingia mbio kutoka nje akidhani kuna msiba. Alipoelezwa, naye akakaa chini sakafuni akicheka, na Binti akawa anawatazama wote wawili, machozi yamemkaukia usoni, akidhani wamepata wazimu. Kisha akaelewa. Ilionekana usoni mwake alipoelewa. Akaiangalia mikono yake yenye udongo kama vile ameipata sasa hivi.

Meneja peke yake ndiye aliyebaki na swali, nalo lilikuwa la haki: wageni wanane wa kesho wataambiwa nini? Wakaambiwa ukweli, kwamba mwenyeji wao amechoka. Walipelekwa kwa mwoka mikate, wakakanda unga, wakaungua vidole kwa kiasi cha kuridhisha. Asubuhi ile, saa moja, Binti alikuwa uani kwa mfinyanzi na kanga kuukuu. Habari ilizifikia nyumba zote tisa kabla ya saa sita mchana. Mhunzi alituma ujumbe kwamba shemeji mdogo sasa anaweza kwenda kwake na wageni wake, maana amesikia kwamba kule kwa bibi amekwisha kubatizwa kwa matope.

Alhamisi iliyofuata wageni wanane walikwenda kwa mfinyanzi wakiongozwa na Binti. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, Mama Hodi alibaki ofisini siku ya ziara. Alikunywa chai vikombe vitatu. Alizipanga upya funguo ambazo hazikuwa zimevurugika. Saa tisa alasiri basi lilirudi, na Binti akaleta taarifa yake kwa mwandishi wa wasifu huu, imeandikwa kwa mkono: “Wamekula. Wamefinyanga. Kimoja kimepasuka. Wamerudi.” Wino mwekundu ulikuwa mezani. Haukutumika.

Baada ya kustaafu, Mama Hodi hana mpango wa kusafiri popote, jambo ambalo limewashangaza wasiomfahamu. Anakusudia kujifunza ufinyanzi. Katika ziara zake zote aliwasimamia wengine wakifinyanga, na yeye mwenyewe ana chungu kimoja tu alichokimaliza. Kimeegemea upande, na dereva hukitumia kuzuia mlango wa ofisi usijifunge kwa upepo. Mfinyanzi amekubali kumfundisha, kwa sharti kwamba aache kuwasifu watu ovyo. Mume wa Mama Hodi, kwa upande wake, alifika ofisini wiki iliyopita kuchukua vitu vya mkewe vilivyosalia, akapewa fursa ya kusema neno. Alisema kwamba kwa miaka thelathini na moja yeye alikuwa mlango wa kumi, na ndio pekee ambao mkewe aliingia bila kubisha. Anaomba sasa uwekwe kwenye ratiba.

Mama Hodi, ofisi hii inakushukuru. Tunakushukuru kwa mkeka wa watu wanane, kwa mawe kumi na moja ya profesa, kwa kidole kidogo, na kwa kitambaa cha maua, ambacho aliyestahili kukiona alikiona. Zaidi ya yote, tunakushukuru kwa kuwa hukutuachia funguo tu. Binti amekwisha kubandika juu ya simu karatasi iliyoandikwa “Nenda ukabishe”, na hakuna anayethubutu kuibandua.

Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na ratiba, mgongo mzima, udongo laini, na wajukuu watakaojua pa kushika chungu. Uishi vizuri na kwa raha. Na siku tutakapokuja kwako kubisha hodi, kama umechoka, tufukuze. Kama hujachoka, tutafutie kazi ya kufanya. Tafadhali tu, usituletee kiti.